Mfereji Nyuma ya Ukumbi

Mpendwa Dada,

Nakusalimu kwa heshima anayostahili mtu aliyenilea tangu mama yetu alipotutoka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na shemeji amepata dawa inayokifaa kile kikohozi. Sisi huku tunapumua. Mke wangu anakusalimu sana. Anasema sufuria uliyomwachia bado haijatoboka, na kwamba hiyo ndiyo habari njema pekee aliyo tayari kuitolea ushahidi mwezi huu.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita, na najua umeshaanza kunihesabia siku. Uliniuliza jambo moja tu: kama mioyo ya watu imelainika, ili shemeji arudi nyumbani kabla kifua hakijamzidi, akae na watu wake na kuabudu nao. Mtu mwingine angekujibu kwa mistari miwili. Mimi unanijua, siwezi kufika sokoni bila kupitia vita vyote vya dunia. Nivumilie.

Mlipohama, vitunguu vilikuwa bado vyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Unakumbuka tulivyoanza. Mabati ya ukumbi wetu wa ibada yalikuwa yameliwa na kutu hadi mchungaji akawa anahubiri kwa kuhamahama, akikwepa matone. Wakubwa wa makao makuu wakatuandikia kwamba wanatuombea. Nilisema wakati ule na nasema tena: anayekuombea paa huku ameikalia ngazi ni mvivu mwenye maneno matamu. Basi tukaamua kulima wenyewe pale nyuma ya ukumbi, na kila familia ikapewa tuta kwa mpangilio wa mabenchi, wa mbele mbele, wa nyuma nyuma. Jumapili ya kugawana, watu ambao hawajawahi kuusikia wimbo wa kwanza tangu wabatizwe walikuwa wamejaa benchi la mbele kabla mlango haujafunguliwa.

Vitunguu vilikubali, dada. Vilitoka vikubwa kama ngumi. Fundi cherehani alisema vingejua kuimba tungeivunja kwaya, na mwalimu wa kwaya hakumsemesha kwa siku mbili. Tukauza, tukanunua mabati mapya, tukaleta waezekaji. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona kazi ya watu maskini ikikamilika bila mkubwa yeyote kuja kukata utepe. Nilianza hata kuandika makala juu yake.

Yaliyofuata najua yalikufikia vipande vipande, basi yasikie yote. Siku ya nne ya kuezeka, saa nne asubuhi, ukuta wa nyuma uliketi. Sina neno jingine. Haukuanguka kwa kishindo. Uliketi kama mtu aliyechoka kusimama, kisha paa likaufuata. Waezekaji waliwahi kuruka. Bibi mfagiaji, yule aliyekuwa akikufukuza kwa ufagio ulipokuwa mdogo, alikuwa amekaa chini ya ukuta akichambua vitunguu vya mwisho. Nyonga yake imevunjika na daktari amesema hatatembea tena. Kuta tatu zilizobaki ziliinama, tukazibomoa wenyewe. Sasa tunaabudu chini ya turubai, na waliosalia ni nusu.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Mioyo haijalainika. Watu wanasema ukuta ule ulijengwa na shemeji, mwaka ule upepo ulipoubomoa wa zamani, na kwamba aliujenga ovyo. Wanasema alilijua hilo, ndiyo maana alihama. Katibu ameliandika kwenye kumbukumbu za kikao. Bibi mfagiaji anamwambia kila anayekwenda kumtazama kwamba yeye amemsamehe fundi. Nakaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake nikimsikiliza akimsamehe shemeji yangu, na ningetoa chochote nimsikie akimlaani.

Ingekuwa barua ya mtu mwungwana, ingeishia hapo kwa pole nyingi. Lakini mengine hujayasikia.

Mkutano wa mfereji unaujua, ulikuwa umekaa karibu na mlango. Maji ya kumwagilia yalitakiwa yatoke kwenye chemchemi ya juu. Shemeji alisema tuyazungushe kwa njia ya barabarani, hata kama kuchimba kutachukua siku nyingi zaidi, kwa sababu ukuta wa nyuma ni wa matofali mabichi na matofali mabichi hunywa maji. Mimi nilitaka mfereji upite chini ya ukuta, njia fupi. Nikasimama na vitabu vyangu vyote kichwani, nikawataja wafalme wa kale waliopitisha mifereji katikati ya mahekalu, nikamalizia kwa kusema fundi anayaona maji kila mahali kwa sababu ndiyo anayoyazidisha kwenye udongo wake. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Shemeji alivaa kofia yake akatoka. Ulinitazama, na mimi nikadhani nimeshinda.

Usilolijua ni kwamba wiki mbili baadaye alinijia mchana, akaniomba tufuatane hadi nyuma ya ukumbi. Hakugombana. Alikwangua plasta kwa ukucha, akatoa kipande cha tofali, akanipa mkononi. Kilimomonyoka kama sabuni iliyolala majini. Akasema bado kuna muda, tukiyahamisha maji mwezi huo ukuta utakauka na kusimama, na kwamba si lazima nimtaje yeye. Niseme ni wazo langu. Nikamwahidi. Aliniamini, akafunga mizigo, mkaifuata kazi aliyoipata huko. Najua hakukuambia, maana barua yako bado inaniita mtu wa haki.

Kuuhamisha mfereji ilikuwa kazi ya siku tatu. Kusimama mbele ya watu niliowachekesha na kusema fundi alikuwa na haki, hiyo ndiyo kazi niliyoshindwa. Nilinunua mfuko wa saruji, nikasubiri watu waende makwao kula, nikaipaka ile sehemu iliyolowa kwa mikono yangu. Ilipendeza. Maji yakafungiwa ndani na yakaendelea kula.

Na ukuta ulipoketi, dada, yale maneno kwamba shemeji alijua ubovu wa kazi yake ndiyo maana akahama, hayakutoka kwa katibu. Niliyasema mimi, nimesimama juu ya vifusi, na niliyasema vizuri. Nilizungumza nusu saa. Nilipanga hoja moja juu ya nyingine hadi asibaki mtu wa kuuliza maji yalipita wapi.

Barua yako ilinivunja. Jumapili iliyopita nilisimama chini ya turubai nikawaambia yote: ukucha, tofali, ahadi, saruji. Mchungaji aliniacha nimalize. Kisha katibu akanijibu, kwa upole, kwa hoja zangu mwenyewe, moja baada ya nyingine, bila kuacha hata moja. Nilijaribu kuzivunja nikashindwa. Nilizijenga imara kuliko ukuta wowote. Fundi cherehani akasema damu ni damu, nani asiyejua ninavyompenda dada yangu, hata kubeba mzigo wa mumewe. Wakaniombea. Nilikwenda kwa bibi nikarudia, akanishika mkono akasema nina moyo mzuri, lakini nisidanganye kwa ajili ya ndugu.

Msingi mpya wameanza kuuchimba pale pale, na matofali ni yale yale mabichi. Wameshapanda vitunguu tena, na maji yanapita njia ile ile. Juzi nilikwenda na jembe nikauziba mfereji. Jana fundi cherehani aliuzibua, akanitania kwamba majonzi yananifanya nigombane hata na kazi yangu mwenyewe. Nitauziba tena kesho, nao watauzibua tena kwa heshima.

Msije, dada. Nikiona siku ambayo shemeji anaweza kupita hapa mtu asimtazame mikono, nitakuandikia, lakini siioni. Sikuombi msamaha kwa barua. Ningeuomba vizuri mno, na wewe ungenipa.

Watoto wanakusalimu, mke wangu pia, na jirani yetu wa kisimani anauliza kama huko maji ni ya kununua. Jifunike vizuri wakati wa baridi. Barua hii usimfiche shemeji, msomee yote hadi mwisho. Ni yeye peke yake atakayeiamini.

Wako,
Mdogo wako