Bibi Harusi Ameumia Mguu

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Hali yako? Mguu unaendeleaje, na chakula cha hospitali unakila au unakitoa kasoro tu? Huku mimi mzima, cherehani nzima, sare za shule zimejaa mpaka kwenye kiti chako. Najua simu huisikii tena, inakupigia kelele tu, kwa hiyo nimeamua kuandika, na barua naipeleka kwenye basi la asubuhi pamoja na gauni lako la kulalia.

Sasa kaa vizuri. Bibi Harusi ameumia.

Jumamosi nilisafisha tangi kama ulivyonielekeza. Nikatoa ile sponji inayoziba mdomo wa pampu, nikaiosha, nikaianika dirishani. Mteja akabisha hodi, nikamkimbilia, na sponji nikaisahau palepale. Kumbe mwenyewe kaamua kuhama jiwe siku hiyohiyo! Miaka kumi na moja katulia, tangu yule daktari wa meno uliyemfanyia kazi alipofunga kliniki akakupa tangi lote la chumba cha kusubiria, halafu anakuja kutembea siku niliyosahau mimi. Jumapili nimemkuta pampu imemvuta. Nilizima umeme nikamchomoa taratibu, lakini mguu umechanika karibu nusu.

Jirani kanikuta nalia, akauliza kama ua langu limekufa. Nikamwambia si ua, ni anemoni, mnyama wa baharini, ana mdomo, ana mguu wa kushikia jiwe, na mama yangu humlisha kamba wabichi kwa koleo. Akaniangalia kama nimepungukiwa.

Nisamehe, Mama. Nifanye nini?

Mwanao


5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, kidonda kinakauka, daktari anaridhika. Chakula chao hakina chumvi lakini nakila.

Nilipofika kwenye habari ya pampu nilipiga ukelele, muuguzi akaja mbio na kipimo cha presha. Wee mtoto! Sponji nilikuandikia kwa wino mwekundu. Haya, maji yakimwagika hayazoleki. Sikiliza.

Mweke ndani ya kikapu cha plastiki chenye matundu, ukitundike humo humo tangini, mbali na pampu. Taa zipunguze. Usimlishe kabisa, mgonjwa hana tumbo. Kila siku toa ndoo moja ya maji uweke mapya, na chumvi uipime, usikisie kama unavyokisia kwenye mchuzi. Mdomo wake ukiwa umefumba, tumaini lipo. Ukiachama, niambie.

Na usimshikeshike. Niandikie haraka, la sivyo sitalala.

Mama yako


9 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini umepata usingizi kuliko mimi. Mimi nalala nusu, nusu nyingine iko sebuleni.

Hali si nzuri. Nimefanya yote, kikapu, taa, ndoo kila siku, mpaka mgongo unauma. Mdomo umeachama tangu juzi. Pale palipochanika pamekuwa peupe, panateleza, vipande vinaning'inia, na maji yameanza kunuka. Nimekwenda kwa yule muuza samaki wa mapambo. Nikamuuliza kama naweza kumshona, nina sindano nyembamba ya hariri. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka, akasema nyama iliyokufa ikiachwa itaiozesha na iliyo hai. Nichukue mkasi mkali, niuchemshe, nikate yote iliyokufa hadi nione nyama ngumu.

Nakata vitambaa tangu nina miaka kumi na sita, Mama, lakini hapa mkasi nimeushika nikaurudisha mezani. Nikate, nisikate? Nikisubiri sana ataoza, nikikosea nitamuua. Nijibu upesi.

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi naendelea vizuri.

Usikate. Nasema usikate! Watu hawa wepesi kusema kata, kata, kwa sababu si chao. Mguu wa mtu haukatwi hivihivi kwa kuwa mwenye koti jeupe amekuja na karatasi. Yeye anamaliza anakwenda kunywa chai, na mwenye mguu anabaki kitandani anaangalia dari. Nani atambeba kwenda chooni? Nani atapanda zile ngazi za kwetu? Afadhali afe mzima.

Mwache kama alivyo.

Mama yako


13 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, maana nimeacha kuamini majibu yako.

Muuza samaki havai koti jeupe. Anavaa kaptula na fulana yenye tobo kwapani, na karatasi hana. Bibi Harusi hana ngazi za kupanda wala choo cha kwenda. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikapiga simu wodini.

Muuguzi ameniambia kila kitu. Kidonda hakikauki. Sukari imeula mguu wa kushoto, na tangu wiki iliyopita wanakubembeleza utie saini waukate chini ya goti kabla sumu haijapanda. Wewe unageukia ukutani. Halafu unaniandikia habari za chumvi ya chakula!

Baba hayupo. Ndugu sina. Ukiondoka na huo mguu wako mzima, mimi nibaki na nani? Nije huko nikushike mkono wa kutilia saini? Nitafunga cherehani kesho nije, ukisema neno moja tu.

Bibi Harusi nimeshamkata. Nilimkata kabla barua yako haijafika, maana harufu ilizidi. Nililia huku nakata. Yuko hai, ila amelegea, amelala ubavu kikapuni.

Mwanao


15 Machi

Mwanangu,

Usije. Ukija nitalia mbele ya wodi nzima, na mimi hapa wananiita Kamanda.

Ni kweli nimekuficha. Nilidhani kitapona kimyakimya, nikuhadithie baadaye tucheke. Naogopa, mwanangu. Nimesimama mapokezi miaka ishirini, nikituliza watu wazima wanaolilia jino moja, na leo nashindwa kuandika jina langu. Kisu sikiogopi sana. Naogopa kuamka.

Nitakuambia jambo utanicheka. Nimekwisha kuapa moyoni. Bibi Harusi akilishika jiwe tena kwa huo mguu uliobaki, nitatia saini. Akifa, basi nirudisheni nyumbani nilivyo. Daktari amenipa mpaka Ijumaa, tarehe ishirini.

Niandikie ukweli. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mama yako


17 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa furaha kubwa. Bibi Harusi ameshika jiwe! Nilimtoa kikapuni jana mchana, nikamweka juu ya jiwe lake la zamani, na leo asubuhi nimemgusa kidogo, hatoki. Mdomo umefumba. Amesimama wima na rangi yake imerudi. Nimempa kamba mmoja mzima, akammeza wote.

Kwa hiyo neno lako ni neno lako. Tia saini, Mama. Nakuombea.

Mwanao akupendaye


24 Machi

Mama,

Shikamoo. Muuguzi amenipigia simu mara tatu tangu Ijumaa. Anasema umetoka salama, homa imeshuka, na jana umegombana na mtu wa chakula. Nilipiga magoti hapo hapo kwenye vitambaa vya watu.

Sasa nigombeze mimi. Nilikudanganya. Hajashika jiwe. Siku ile niliyokuandikia alikuwa amelala ubavu kikapuni, mdomo wazi, na leo yuko vilevile, au karibu vilevile. Harufu imekwisha, lakini hashiki kitu. Uliomba ukweli, mimi nikakupa uongo, nao umekugharimu mguu. Sijui kama utanisamehe. Kila nikipita karibu na tangi naona haya, kama vile na yeye anajua.

Ungekufa, Mama. Ndiyo sababu yangu, sina nyingine.

Mwanao


28 Machi

Mwanangu,

Marahaba, mara mia. Barua hii naiandika nimekaa, mito mitatu mgongoni. Mguu unauma mahali ambapo haupo, daktari anasema ni kawaida. Nimelia siku mbili, ya tatu nimechoka kulia nikaomba chai.

Nilijua. Anemoni aliyekatwa juzi hawezi kumeza kamba mzima, hata aliye mzima hushiba nusu. Na wewe tangu utoto ukisema uongo mwandiko wako unanyooka. "Mama mpendwa"! Lini umeniita mpendwa? Ile barua niliisoma mara tatu huku kalamu imelala juu ya karatasi ya daktari. Nikasema, huyu mtoto wangu ameogopa mpaka amebuni kamba, na mimi nimeiweka roho yangu kwa mnyama wa tangini. Nikaandika jina langu. Limepinda lakini linasomeka. Kwa hiyo mguu niliutoa mimi, wewe usijipe kazi ya kuubeba.

Huyo mwenzangu kama hanuki, hajafa. Mwache kikapuni hata miezi miwili, na uache kumchungulia kila saa. Kushika jiwe si kazi ya wiki moja.

Nitatoka Jumapili ya wiki ijayo. Njoo na gauni la bluu na kiatu changu cha kulia. Cha kushoto kiache huko huko, nitakuja kuamua mwenyewe.

Mama yako