Maziwa ya Kuosha Vumbi

Kaka Marwa,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila hiyo. Ungeniuliza nimefundishwa adabu na nani.

Nakuandikia kuhusu Tata, baba yetu. Mvua zilipoanza aliugua ugonjwa uleule uliokuchukua wewe, ila kwake ulikuja na sura nyingine kabisa, nusura tusiutambue.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka karashani? Kijiji kizima cha Kerende kilikuwa kimerukwa na akili kwa ajili ya dhahabu. Wanaume waliuza ng'ombe wakanunua nyundo, mahindi yakaachiwa ndege. Wewe ulishinda kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kitambaa umejifunga puani, na jioni ulirudi mweupe kuanzia nywele hadi kope. Nilikutania kwamba umezeeka kumpita baba yako. Ulicheka, ukakohoa, ukawasha sigara.

Tata hakucheka. Alikuwa amekutengea maziwa ya yule ng'ombe mwekundu kwenye kibuyu, kwa sababu kila mtu karashani anajua kwamba maziwa huosha vumbi kifuani. "Kunywa, mura," alikuambia, kama wazee wa kwetu wanavyomwita kijana. "Yote." Akasimama pale mpaka umalize. Mzee yule hakuwahi kutuambia kwamba anatupenda. Alikamua tu.

Halafu yakaja mafua yaliyozunguka kambi yote, jinsi mlivyokuwa mkilala mmebanana kwenye kibanda cha karashani siku za zamu ya usiku. Wenzako walipona. Wewe ukabaki na homa na kichomi ubavuni. Mtu aliyebeba kiroba cha mawe begani akiimba, nani angemhofia? Nilikuambia twende hospitali, ukanijibu, "Bhoke, nilisimama mbele ya kisu cha tohara sikupepesa jicho. Leo nilie kwa sababu ya ubavu?" Ukanywa gongo upate usingizi. Bibi jirani akakuchanja chale pale palipouma, akapaka dawa yake nyeusi. Tata akaongeza maziwa.

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wewe hukuficha, kaka. Ulimwonyesha kila mtu, na kila mtu alikuwa na jibu lake. Tulipokupandisha kwenye bodaboda, mimi nyuma nimekukumbatia usianguke, nilisikia pumzi zako zikigonga kifuani kwangu, fupi fupi, za haraka. Hospitali walisema nimonia, na kwamba tumechelewa. Nilikasirika kana kwamba wamekutukana. Nilijua nimonia ni ya watoto wachanga.

Sasa Tata. Hakukohoa. Hakuchemka mwili. Aliacha tu kula, na uji kidogo aliokubali ulimpalia. Akaacha hata kuuliza ng'ombe wamepelekwa wapi, na unamjua mzee wetu na ng'ombe wake. Kisha asubuhi moja akaniuliza, "Marwa amekunywa maziwa yake?"

Nilitua sufuria, nikamgusa paji la uso; halikuwa na joto.

Majirani walikuja kumtazama, wakashusha sauti. "Huyo anaitwa na mwanawe," alisema yule bibi wa chale. "Msimsumbue na safari. Uzee hauna hospitali." Nimempenda bibi yule tangu utoto, lakini siku ile nilimchukia. Nilikuwa namwangalia Tata mabega, yanavyopanda na kushuka. Alikuwa anapumua kama wewe kwenye ile bodaboda. Nikaita gari.

Hospitali ya Nyamwaga tulimkuta daktari kijana, mpole wa sauti. Aliuliza kama mzee anavuta sigara. Kama anakunywa pombe kali. Kama amewahi kufanya kazi kwenye vumbi la mawe. Nikajibu hapana, hapana, hapana, na kila hapana ya Tata ilikuwa ndiyo yako. Halafu akauliza umri wake, kama anapaliwa anapokula, kama alipata mafua karibuni, kama analala kwenye nyumba yenye moto ndani. Hapo nikaitikia yote.

"Ni nimonia," alisema. "Vijidudu vyake vinapenda kifua kilichochoka. Cha kijana huchoshwa na vumbi, sigara, pombe, au ugonjwa mwingine uliokwisha kupunguza kinga yake. Cha mzee huchoka kwa umri wenyewe. Na mzee anaweza asikohoe wala asipate homa, dada. Akachanganyikiwa tu, mkadhani ni uzee."

Walimchoma sindano, wakamtundikia dawa. Nilikaa kando ya kitanda naye akaendelea kukuulizia. "Amekunywa?" Nikamjibu, "Amekunywa, Tata. Yote." Akafumba macho ameridhika. Kaka, sitakuficha, nilizipenda siku zile. Kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kwake ulikuwa hai, na mimi nilikuwa nakaa naye.

Kisha dawa zikafanya kazi. Asubuhi moja akamaliza uji wote, akauliza ng'ombe wanachungwa na nani. Nikamshukuru Mungu kwa sauti hadi wagonjwa wakageuka. Daktari alipopita, Tata akamshika mkono.

"Mwanangu, maziwa huosha vumbi kifuani?"

"Maziwa ni chakula kizuri, mzee. Lakini yanakwenda tumboni. Vumbi la mawe likishaingia kwenye mapafu, hakuna cha kuliosha."

Tata aliuachia mkono wa daktari. Halafu akaniambia, "Marwa alikufa." Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, Tata."

"Kwa ugonjwa huu huu. Na huu una dawa."

"Ndiyo, Tata."

Akavuta shuka akajifunika uso. Siku ya mazishi yako hakutoa chozi, alisimama kama mlivyofundishwa kusimama wanaume wa kwetu. Pale wodini shuka ilitikisika, na mimi sikujua nimshike wapi.

Tumerudi nyumbani. Moto nimeuhamishia nje, na uji namlisha akiwa ameketi wima. Karasha bado zinanguruma, na akina mama bado wanawapelekea vijana wao maziwa. Nikiwaambia kifua kikiuma wakimbilie hospitali, wananiitikia kwa heshima, wanapita na vibuyu vyao.

Tata amepata nguvu, anakamua tena. Kibuyu chako kinaning'inia palepale ukutani. Kila asubuhi, akiingia na maziwa, nasubiri aniulize kama umekunywa.

Haulizi tena.

Pumzika, kaka. Huko uliko naamini hakuna vumbi.

Mdogo wako wa kike,
Bhoke