Vijiko vya Kinyozi

6 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi wazima wa kiasi, watoto wanakohoakohoa lakini si la kutisha. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana, na barua huwezi kuikata katikati.

Baba hali yake si nzuri. Mikono imezidi kutetemeka, na daktari anasema dawa zitapunguza tu, hazitaondoa. Kufunga kibanda chake cha kunyoa alikumeza kwa shida, lakini alikumeza. Kinachomshinda ni chakula. Juzi rafiki yake Fundi Saa alikuja mchana, nikawaandalia pamoja kama kawaida. Baba akachota maharage, kijiko kikafika mdomoni kitupu, maharage yote kifuani. Fundi Saa akajifanya anatazama dirishani. Baba akaweka kijiko chini taratibu, akasema, "Sina njaa."

Tangu hapo hataki kula mbele ya mtu. Nikimpelekea sahani chumbani inarudi ilivyokwenda. Nikitaka kumlisha ananiuliza, "Mimi ni mtoto wako?" Mtu aliyepitisha wembe kwenye shingo za watu maisha yake yote bila kumtoa mtu damu! Suruali zinamvuka sasa. Fundi Saa naye hafungui mlango, anasalimia kutoka nje.

Wewe si mbunifu wa vyombo? Haya, buni.

Dada yako


15 Februari

Shikamoo Dada,

Poleni sana, na watoto wapone haraka. Barua yako niliisomea kazini, ikabidi nikajifungie chooni mpaka macho yakauke.

Afya ninayo, amani ndiyo sina. Bosi amenikaba koo. Anataka kitu "ambacho hakijawahi kuonekana duniani" kwa ajili ya maonyesho ya biashara, na likizo sipati mpaka nikilete. Nimechora majagi mpaka nayaota. Kila mchoro anausukuma pembeni: "Jipya liko wapi hapa?"

Basi nimeamua kijiko cha Baba ndicho kiwe hicho kipya. Cha kwanza kimo kwenye kifurushi. Mpini una springi ndani, mkono ukitetemeka springi inaumeza mtetemo. Nijulishe.

Mdogo wako


28 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, kikohozi kimeisha. Kijiko nacho kimefika.

Springi yako haimezi kitu. Inaongeza! Maharage yaliruka mpaka kwenye pazia. Mwanangu mdogo akacheka, mtoto hajui, na Baba akainuka akaenda zake chumbani. Pazia nimelifua. Baba sijui nimfanye nini.

Dada yako


9 Machi

Shikamoo Dada,

Natumai mmeamka salama. Nisamehe kwa lile pazia. Natuma viwili sasa: kimoja kizito, mpini umejazwa madini ya risasi ili mkono utulie, na kingine cha betri kinachojinyoosha chenyewe kila mkono unapoyumba. Hicho cha betri kimeninyima usingizi. Bosi alikiona akatabasamu, mara ya kwanza mwaka huu.

Mwambie Baba avumilie kidogo.

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo, na leo sina salamu ndefu.

Kile kizito kilimchosha mkono kabla hajafika nusu ya sahani. Kile cha betri kinanguruma kama nyuki kwenye kopo. Baba alikitazama kikicheza mezani, akasema, "Mwambie huyo mdogo wako mimi ni mgonjwa wa mikono, sijageuka mtambo."

Na kuna lililoniuma zaidi. Jana nilitoka kufundisha mapema, nikamkuta jikoni. Amesimama mbele ya kaunta, ameegemeza viwiko vyote viwili, mdomo karibu ugonge sufuria, anakula kiporo kwa mwiko wangu. Anakula kama mwizi, ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe! Aliponiona aliacha, akapita pembeni yangu akaenda chumbani.

Usinitumie kijiko kingine. Njoo.

Dada yako


1 Aprili

Dada, shikamoo.

Hapo jikoni, alimwaga? Nijibu hilo tu, tafadhali.

Mdogo wako


8 Aprili

Hakumwaga. Sakafu ilikuwa safi, na shati pia. Una akili timamu kweli? Nakuambia Baba anakula kwa kujificha, wewe unaniuliza habari za sakafu!

Dada yako


15 Aprili

Shikamoo Dada,

Una haki ya kukasirika. Nakuomba tu uisome hii mpaka mwisho.

Nimehangaika na kijiko miezi yote hii, na kijiko hakina kosa. Baba alikula kwa mwiko, Dada! Mwiko! Kilichomsaidia ni kaunta. Ilimshikia viwiko, na chakula kilikuwa karibu na mdomo. Mkono uliendelea kutetemeka, ila haukuwa na nafasi ya kumwaga. Meza yetu ya kulia iko chini mno: mkono unaning'inia hewani, na kijiko kinasafiri safari ndefu.

Inua meza. Weka matofali chini ya miguu yote minne, mpaka Baba akiketi imfike kifuani. Mpe bakuli, si sahani, na kijiko chochote mlicho nacho.

Nilimpelekea bosi mchoro wa meza. Akacheka. "Meza ilikuwepo kabla babu yangu hajazaliwa. Jipya liko wapi?" Amenitoa kwenye maonyesho, sasa nachora vifuniko vya ndoo. Likizo imeota mbawa.

Mdogo wako


4 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo na vifuniko vyako? Sisi hatujambo.

Nilipoisoma barua yako nilitukana, Mungu anisamehe. Miaka yote ile ya chuo, halafu matofali! Nikaichana. Kesho yake nikayaokota matofali nyuma ya nyumba, nikainua meza kwa hasira tu, nikuonyeshe kwamba haiwezekani.

Baba alisema nyumba imegeuka gereji. Watoto wanakalia mito, na bado kidevu ndicho kinachofika mezani. Siku za kwanza alikula peke yake, mlango umefungwa. Bakuli lilirudi tupu.

Leo Fundi Saa alipita kusalimia nje kama siku zote. Baba akamwita kwa sauti: "Unaogopa nini? Ingia!" Nikaweka mabakuli mawili, nikarudi jikoni, nikatega sikio mlangoni. Nikasikia vijiko. Usidhani yote yameisha: supu bado inamshinda, na tonge moja moja linaanguka. Fundi Saa alikuwa anamsimulia habari za mkwewe, Baba anaguna.

Mara nikasikia, "Nani kapika leo? Chumvi imezidi!"

Nilikaa chini pale pale jikoni, nikalia huku nacheka. Nikamjibu kwa sauti, "Baba, si ule hivyo hivyo!"

"Nakula," akasema. "Nani kasema sili?"

Dada yako