Nani Humnunia Asiyekuwepo

Kisarawe, Ramadhani 12

Shikamoo Mama. Leo nakueleza yote, sifichi kitu. Nilikuwa namsomea Shangazi kitabu cha shule huku akimenya mihogo ya futari. Kinamhusu Myahudi ambaye wanawe waliuawa na Wanazi kambini, akaacha kusali. Ila kila alfajiri aliamka, akasimama kando ya wenzake waliosali, mdomo kaufunga.

Nikasema, "Huyu imani imemwisha."

Shangazi akacheka kidogo. "Wee mtoto, huyo kanuna tu. Nani humnunia asiyekuwepo?"

Mvua ikaanza, tukaingiza jiko ndani.

Mama, tangu tumzike kaka Saidi mswala wako umekunjwa, lakini kila nikiwa nyumbani, alfajiri nakusikia umeamka. Mwanao Zuhura anakupenda, naye anauliza: umemnunia Mungu, au umemwacha?