Leso Kwenye Mizani ya Mwanangu

Bi Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wanaokuzunguka hapo kazini na nyumbani. Sisi huku tunashukuru. Mume wangu hajambo, yuko kwenye karakana yake ya baiskeli, mikono myeusi kama kawaida yake. Binti yangu mkubwa hajambo, yuko darasa la nne na ndiye anayepika siku hizi. Mdogo wake hajambo ila ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele za watu. Mama mkwe hajambo, ni miguu tu. Wifi yangu hajambo, na huyo nitamrudia huko chini maana ndiye ninayemwonea haya kuliko wote, na mwanaye wa mwaka mmoja na nusu hajambo, mnene mpaka viwiko vimezama. Wote wanakusalimu, ingawa hawajui kama nakuandikia. Aliyebaki ni Kidole, mwanangu wa tatu, ndilo jina alilompa baba yake siku alipomwona mara ya kwanza, kwa kuwa mtoto alishika kidole kimoja cha baba yake kwa mkono mzima na bado mkono haukutosha kukizunguka. Huyo ndiye sijui niseme hajambo au niseme nini, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mimi ni muuza vitunguu, shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo unisamehe mwandiko. Ukurasa wako nausoma kila wiki kabla sijafungia vitunguu gazeti, nikawa nawacheka hao wanaokuandikia, kumbe zamu yangu ilikuwa njiani.

Kidole alizaliwa kabla ya siku zake, miezi saba na kidogo, tukalazwa wodi ya watoto njiti, na wiki tano alikuwa anakula kwa mpira mwembamba unaopita puani mpaka tumboni, mimi nakamua maziwa, sista anayapitisha kwenye mpira, na maziwa ninayo mengi mpaka wenzangu wananitania kwamba nifungue kioski. Basi wiki iliyopita daktari akasema sasa ana nguvu kidogo, ana kilo moja na gramu mia nane, aanze kujifunza kula kwa mdomo, nami nikafurahi sana nikamwambia sista nataka titi tu, chupa sitaki kuiona.

Utaratibu wa pale ni huu. Mtoto anapimwa kabla ya kunyonya, akiwa na nepi na shuka lake, akishanyonya anapimwa tena vile vile alivyo, kilichozidi ndiyo maziwa aliyovuta, na kinachopungua kwenye kipimo cha mlo wake anajaziwa kwa mpira. Kipimo chake ni gramu thelathini na sita. Siku ya kwanza alivuta nane. Siku ya pili sita, akalala titi likiwa mdomoni.

Sista wa mchana akaniambia, "Mama Vitunguu, huyu anachoka. Tumpe titi mara mbili kwa siku ajifunze, mara nyingine tumpe maziwa yako haya haya kwa chupa taratibu, au kikombe."

Nikamwambia, "Sista, mwanangu si mtoto wa chupa."

"Ni mtoto wa nani basi, wa mizani?" akacheka, akaniachia. Akasema tutaangalia siku mbili tatu.

Sasa nikuambie kwa nini nilikataa, na hapa ndipo aibu inapoanzia. Wifi yangu alipojifungua maziwa hayakutoka, alihangaika, akalia, mwisho akampa mtoto chupa. Siku moja tuko uani wanawake saba tunafua, yeye anasuuza chuchu za chupa kwenye beseni, mimi nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Hata mbuzi ananyonyesha na hajafundishwa na mtu, wewe mwenzetu unashindwa na nini?" Watu walicheka Bi Mshauri, walicheka sana, na wifi aliendelea kusuuza chuchu ile ile moja muda mrefu mpaka vicheko vikaisha. Na huyo huyo ndiye anayeniletea uji hospitali kila siku tangu nilazwe, anatembea kwa miguu, anasimama dirishani ananiuliza, "Wifi, anavuta?" nami namjibu, "Anavuta kama pampu!" huku sithubutu kumwangalia.

Siku ya tatu ndipo yaliponifika. Nilimnyonyesha nikampangusa mdomo na leso yangu nene ya kufutia jasho sokoni, nikamfunika, nikampeleka kwenye mizani, namba ikasoma zaidi kwa gramu ishirini na tisa. Sista akaruka. "Ishirini na tisa! Mama Vitunguu, umetuletea mwanaume!" Pale wodini tuna desturi yetu, mtoto akinyonya vizuri kina mama wote wanapiga makofi kwa vidole viwili viwili ili wasiwaamshe wengine, basi wodi nzima ikanipigia vidole, mama wa kitanda cha pili ambaye wake bado yuko kwenye chupa akanipigia mpaka machozi yakamtoka, na mimi ninarudi kitandani nafungua shuka, ninaikuta leso yangu imekunjamana chini ya mgongo wa mtoto.

Naapa mara hiyo ilikuwa bahati mbaya. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, wakawa bado wananipigia vidole, nikaufunga.

Mlo uliofuata niliiweka mwenyewe.

Sista ana watoto kumi na tisa na wasaidizi wawili, akaona mimi mizani naijua, ndiyo kazi yangu, akasema, "Wewe mtu wa sokoni huwezi kukosea," akanipa kalamu niwe napima na kuandika mwenyewe kwenye karatasi ya kitandani. Akaongeza kunyonyesha kukawa mara tano kwa siku. Mimi Bi Mshauri nina miaka kumi na moja sokoni, sijampunja mteja hata kitunguu kimoja, tena naongeza vitunguu viwili vya nyongeza kila kilo, waulize watu. Nikawa namwekea mwanangu leso, anavuta tisa naandika thelathini, anajaziwa sita kwa mpira, nazo haziwezi kumtosha, na mimi ndiye ninayeziandika.

Kila asubuhi watoto wanapimwa watupu, na hapo hapana pa kuficha leso. Asubuhi ya kwanza baada ya leso hakuongezeka. Ya pili akapungua gramu kumi na tano. Leo Jumatatu amepungua ishirini na tano. Hata kulia halii kama zamani, anakunja uso tu halafu anaghairi. Daktari amesimama na ile karatasi yangu mkononi anaisoma anasema, "Anakula vizuri hivi, kwa nini anapungua?" Amesema Alhamisi atolewe damu na apelekwe jengo la pili akapimwe moyo. Wanamtafutia ugonjwa mwanangu, na ugonjwa uko mfukoni mwangu, umekunjwa mara nne.

Leo mchana nilijaribu kutoiweka. Ikasoma saba. Mama wa kitanda cha pili ananiangalia vidole vyake viko tayari. Nikajifanya shuka limefunguka, nikalifunga upya, na leso ndani.

Nikisema, sista atanionaje, na kalamu aliyonipa? Wanaweza kusema mama anayemwibia mwanaye asipewe aende naye nyumbani? Mume wangu nitamwambia nini, yeye aliyemwambia kila mwenye baiskeli kwamba mwanaye ananyonya? Na wifi? Nikikubali chupa, si ataniuliza mbuzi wangu yuko wapi? Na tena wanasema mtoto akishaonja chupa anamkataa mama moja kwa moja, ni kweli? Nifanye nini, titi au chupa, nikiri au ninyamaze halafu niache polepole bila mtu kujua?

Barua hii anakuletea mpwa wangu mkononi leo leo. Nijibu upesi sana, Alhamisi ni karibu, namba ya simu nimeandika nyuma ya bahasha. Usisahau kunisalimia watu wako wote.

Ni mimi, Mama Vitunguu wa kitanda cha dirishani.

*

Mama Vitunguu, marahaba. Watu wangu hawajambo, nao wanakusalimu. Nakushukuru kwa kunisoma kabla ya kunifungia vitunguu.

Namba uliyoandika nimepiga mara tano, simu imezimwa. Kwa hiyo nimeitoa barua ya bwana mmoja aliyegombana na kaka yake kwa ajili ya ukuta, ukuta unaweza kusubiri, nikaweka yako. Leo ni Jumatano. Kama umelipata gazeti hili, simama kwanza, utamalizia kusoma ukirudi kutoka kwenye meza ya sista. Nakuomba sana. Umetuma mpwa avuke mji mzima kuniuliza mimi, na anayetakiwa kuulizwa anapita mbele ya kitanda chako kila saa.

Umerudi? Haya, keti.

Nakuonea huruma, na nasema hivyo kwa moyo. Wiki tano umekamua maziwa bila kukosa, umelala kwenye kitanda cha chuma, umemwachia binti wa darasa la nne jiko lako. Makofi yale ulikuwa unayahitaji. Mtu yeyote angefunga mdomo mara ile ya kwanza. Ya pili ndiyo yako, na ya tatu, na zote zilizofuata, na hizo sitakubebea. Miaka kumi na moja hujampunja mteja, na uliyekuja kumpunja ni mtu asiyeweza hata kukurudishia kilo akalalamika. Anakunja uso halafu anaghairi, umeandika mwenyewe. Anaghairi kwa sababu kulia kunataka nguvu.

Kuhusu "niache polepole bila mtu kujua", lifute kichwani. Ukinyamaza, daktari atabaki na karatasi ya uongo mkononi na Alhamisi sindano itaingia kwenye mkono ule ule usiotosha kidole cha baba yake. Aamue daktari kama damu bado inahitajika, lakini aamue akijua.

Na titi au chupa? Mimi si daktari. Nimempigia mkunga mmoja mstaafu aliyekaa na watoto njiti nusu ya maisha yake, naye kanijibu kwa swali: "Ndani ya hiyo chupa wanataka kutia maziwa ya nani, ya jirani?" Ni yako. Umeyakamua wewe. Anasema mtoto wa namna hiyo ana kazi tatu kwa mpigo, kuvuta, kumeza na kupumua, na bado hajazipanga, akichoka analala na titi mdomoni, mama anadhani ameshiba. Wengine wanaanza na titi, wengine chupa, wengine kikombe, wengi wanachanganya. Wapo wanaosumbua kidogo kurudi kwenye titi, lakini wengi wanarudi wakishapata uzito na nguvu, hasa wakiwa wanawekwa kifuani kila siku ngozi kwa ngozi na mama haachi kukamua. Wako atarudi lini, hawezi kukuahidi. Sista anayemwona kwa macho ndiye wa kufuata. Akisema titi mara mbili na chupa mara sita, ndiyo hivyo hivyo, wala usimpangie.

Uliogopa kunyang'anywa mtoto. Mkunga wangu anasema amewaona kina mama wengi wakikiri mambo mazito kuliko leso, na waliomuudhi ni walionyamaza. Sista atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike, usimkatize kwa machozi. Kalamu mrudishie kabla hajaiomba.

Mume mwambie wewe, asisikie kutoka kwa mtu mwingine. Fundi baiskeli anaelewa kitu kilichoonekana kizima kumbe kinavuja.

Sasa wifi. Huyo leo atakuja na uji, atasimama dirishani, atakuuliza, "Anavuta?" Umjibu, "Havuti, wifi. Anachoka. Wamesema chupa, na sijui hata inavyoshikwa. Nifundishe." Halafu umtajie yule mbuzi kwa mdomo wako mwenyewe na umwombe radhi, na ukitoka hospitali ukaiombe tena pale pale uani, wenye kucheka wakiwepo. Akikutania, umestahili, cheka naye. Lakini mtu aliyetembea kwa miguu na uji wiki tano mimi simwoni kama amekuja kukusubiri uanguke.

Na mama wa kitanda cha pili, mwanaye akimaliza chupa yake yote, mpigie vidole. Anza wewe. Nadhani hapo wodini hakuna aliyewahi kumpigia.

Limebaki moja, na hili unaliweza kuliko sisi sote. Leso usiifue wala usiitupe. Ichukue hivyo hivyo ilivyokunjwa mara nne, uiweke peke yake juu ya mizani mbele ya sista, urudi nyuma hatua moja, umwache aisome namba yeye. Ndizo gramu Kidole anazozidai kila mlo, na atajua namna ya kumrudishia.

Kisha unitumie neno upesi, hata mistari miwili. Simu usiizime.