Kipimo cha Chumba cha Chini

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Kivuli kwenye pafu la Hilkka ni saratani. Daktari alisema taratibu, kama anayemsomea mtoto. Mke wangu hajavuta sigara hata moja maishani. Daktari akauliza kazi yake. Kushona — miaka thelathini na mitano, chumba cha chini, nyumbani. Akauliza kama nyumba imepimwa radoni. Sisi tunaoishi kwenye kilima hiki cha changarawe tunaijua: gesi inapanda kutoka ardhini, haionekani, hainuki, ukiivuta miaka mingi inaharibu mapafu.

Hilkka akaniwahi kujibu. Ilipimwa, daktari. Mume wangu aliweka vipimo mwenyewe. Tulipata sabini, na hatari inaanzia mia tatu.

Nikaangalia viatu vyangu.

Jumanne, 7 Novemba

Niandike. Hakuna wa kumwambia.

Miaka minne iliyopita Hilkka aliagiza vipimo viwili, vidude vyeusi kama vifuniko vya chupa. Kimoja cha juu, kimoja cha chini, vikae miezi miwili. Akaniachia mimi. Nikaviweka vyote ghorofani, juu ya kabati, karibu na dirisha ninaloliacha wazi kidogo. Kwenye fomu ya maabara nikaandika kwamba kimoja kilikuwa chumba cha kushonea.

Kwa nini? Sakafu ya chumba cha chini niliimwaga zege mwenyewe, kiangazi cha 1987. Na jirani yetu Kyösti alipotoboa yake, kuweka bomba na feni ya kufyonza hewa ya chini, nilimcheka mbele ya watu. Nilimwambia zege lake ni jibini lenye matundu.

Ni hilo tu. Sikutaka Kyösti naye anicheke. Nikiliona hapa kwenye karatasi, dogo hivi, aibu inazidi.

Jumamosi, 11 Novemba

Sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke. Nilitaka kusema. Akaanza yeye: "Acha kununa, Tauno. Wewe hujanikosea kitu." Nikamwagia mawe maji, mvuke ukapanda, nikaponea hapo.

Mwoga.

Nimeagiza vipimo vipya.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimekiweka kimoja juu ya meza yake ya kukatia vitambaa.

"Tena?"

"Daktari kataka."

Daktari hakutaka. Uongo juu ya uongo.

Jumanne, 30 Januari 2024

Barua imekuja. Chumba cha kushonea: 2,140.

Niliisoma nimesimama kando ya sanduku la barua, theluji ikiniingia shingoni. Hilkka yuko nyumbani, wiki ya tatu tangu wamkate kipande cha pafu. Nikaingia nikamwambia yote. Kabati, dirisha, fomu, Kyösti.

Hakulia. Aliuliza moja tu.

"Na kila siku ukashuka kuniletea kahawa?"

"Ndiyo."

Akageukia ukutani.

Jumatano, 31 Januari

Hasemi nami. Supu nimeiacha mlangoni, imepoa.

Nilikwenda kwa Kyösti kuomba namba ya fundi wake wa bomba. Hakunicheka. Alisema angenisaidia tangu zamani, ningesema tu — kwake kipimo kilisoma elfu moja na mia tisa. Akauliza hali ya Hilkka, akanifungia mkate wa shayiri nimpelekee.

Afadhali angenicheka.

Jumapili, 4 Februari

Binti yetu Marketta amekuja kumwona mama yake. Daktari amemwambia hakuna anayeweza kuapa kwamba ni gesi peke yake. Lakini barua ameisoma, na ile ya zamani ameikuta kwenye faili. Sabini. Nyumba ile ile.

"Hii maabara imewadanganya," alisema. "Baba alifanya kila kitu sawasawa, wao wakaboronga. Siwaachii hawa."

Hilkka aliweka kijiko chini. Akanitazama, mara ya kwanza tangu Jumanne. Alikuwa anangoja.

Nami nikainamia sahani yangu.

Marketta ameandika malalamiko ukurasa mzima, ameyachapa, ameweka kalamu juu yake. Kinachobaki ni sahihi yangu. Nikasema ngoja nikatafute miwani.

Niko chumba cha chini, kwenye kiti cha Hilkka. Miwani nimeivaa. Juu Marketta ameita mara mbili — Baba, vipi, umeipata?

Sasa kuna mtu anashuka ngazi. Si Marketta. Hatua ni za polepole, na kila baada ya ngazi mbili zinasimama, apumue.