Vifuniko Viwili vya Maabara

Kwako Dada yangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti lako linaendeleaje tangu ulipoteleza bafuni? Mimi ni mzima wa mwili, ila barua yako imeninyima raha. Unasema umemkataa fundi saa aliyekuja kukuposa, kwa kuwa mtu ambaye ngozi yake imeshachoka hivyo hana sababu ya kuanza ndoa upya. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimetamani ardhi inimeze.

Unakumbuka siku ulipokuja hapa kazini, Mkuu wa maabara akatukata sote wawili kipande kidogo cha ngozi mkononi, kwa sababu alitaka kulinganisha ndugu? Zile seli tulizikuza kwenye visahani. Seli ya ngozi ikizeeka huacha kugawanyika, lakini haifi. Hukaa palepale ikipiga mayowe ya moto na moto haupo, mpaka majirani zake nao wanashtuka na kuvimba. Kazi yangu ni kupima hayo mayowe.

Siku hiyohiyo dada wa mapokezi aliniuliza kama wewe ni mdogo wangu. Umenizidi miaka tisa! Nilicheka meno nje, lakini roho iliniuma. Ndivyo ilivyokuwa tangu utotoni: wageni, walimu, hata yule aliyekuwa mume wangu, wote kusifu ngozi yako mbele yangu. Nikajiambia, acha vipimo viseme, safari hii ataumbuka.

Vikasema. Kisahani cha mayowe kilikuwa changu. Chako kilikuwa kimetulia tuli.

Sasa Dada, hapa kanuni ya kwanza ni kuandika jina ubavuni mwa kisahani, kamwe si juu ya kifuniko, maana vifuniko huhama. Mimi kwa haraka nilikuwa nimeandika kwenye vifuniko tu. Shetani akanipitia. Kabla Mkuu hajaja kusoma, nikavibadilisha, kisha nikakuandikia kwa huruma ya uongo kwamba seli zako zimechakaa kabla ya wakati. Nilitaka na wewe uonje kidogo. Sikujua ungeacha kujitazama kwenye kioo, wala kwamba fundi saa angekuja kuposa.

Mficha uchi hazai. Leo asubuhi nimemweleza Mkuu. Hakufoka. Alisema vipimo vya miezi mitatu vinatupwa, na kuanzia sasa mimi ni wa kuosha vyombo. Nimeviosha tangu saa nne.

Sitakudanganya tena: kijicho bado ninacho. Hata sasa naiona mikono yako laini ikifungua bahasha hii, na inaniudhi. Lakini aliyechoka ni mimi. Ukimaliza tu kusoma, nenda kwa fundi saa kabla hajafunga duka, umwambie ulimkataa kwa uongo wangu. Asipoamini, mpe barua hii asome mwenyewe.

Nisalimie watoto. Ukiweza kunisamehe niandikie, na usipoweza, niandikie vilevile.

Ni mimi mdogo wako,
ninayeonekana mkubwa.